Kumi ya Huku ni Moja ya Kule: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Hesabu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na ukizisoma pamoja unaona zinalia kilio kimoja: tarakimu imeketi mahali pasipo pake. Majibu yameandikwa na walimu wa hesabu wa madarasa ya chini. Barua ndefu tumezifupisha, hoja tumeziacha kama zilivyo.

Mwanangu yuko Darasa la Tatu. Nikimtajia "elfu moja mia mbili na tano" anaandika 10002005. Namba za makumi hakosei. Nimemweleza mpaka nimechoka. Tatizo liko wapi?
*Mama wa mwanafunzi, Makorora*

Mama, mtoto wako anaandika anachosikia, na kwa masikio yake yuko sahihi: umemtajia 1000, ukamtajia 200, ukamalizia na 5, naye ameviandika vyote kwa mfuatano. Tukisema tunataja kila kipande kwa jina lake kamili, elfu, mia, kumi. Tukiandika hatuandiki majina hayo, nafasi ndiyo inayoyabeba. Tarakimu 2 ikisimama ya tatu kutoka kulia ni mia mbili hata kama sifuri zake hazionekani. Hilo ndilo hajaliona, na kulirudia kwa mdomo hakutasaidia, maana mdomo ndio uliomponza.

Mtengenezee kadi za kupachika. Tafuta katoni tupu, rula, mkasi na kalamu nene. Kata kadi 9 za mamoja (1 mpaka 9), kila moja upana wa sentimita 3. Kata 9 za makumi (10 mpaka 90) zenye upana wa sentimita 6, 9 za mamia (100 mpaka 900) za sentimita 9, na 9 za maelfu (1000 mpaka 9000) za sentimita 12. Jumla ni kadi 36, zote kimo kimoja, sentimita 4 hivi. Kila tarakimu ipewe sentimita 3 zake, isiingie kwa jirani. Hapa usikate kwa kukisia: kadi ya 200 ikipungua upana, sifuri ya chini yake itachungulia pembeni na mtoto atazidi kuchanganyikiwa.

Sasa mwambie atoe kadi ya 1000, ya 200 na ya 5, azilaze moja juu ya nyingine, kingo za kulia zilingane. Ile ya 200 itafunika sifuri tatu za 1000. Ile ya 5 itafunika sifuri ya mwisho ya 200. Kinachosomeka ni 1205. Muulize: hii sifuri iliyobaki katikati imetoka kadi gani? Aifunue aone. Ni sifuri ya makumi ya kadi ya 200, na kazi yake ni kusema kwamba hapa hakuna kumi hata moja ila kiti kipo. Akiiondoa kadi ya 200 itasomeka 1005. Mwache apachike na kupachua kwa mikono yake, wewe utaje tu. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Mpe zaidi namba zenye sifuri, 3040, 7008, 2500, 6090, kwa sababu ndizo zinazowaangusha watoto.

Akishazoea, mzoeze pia kutofautisha maswali mawili yanayofanana: katika 1,205, *nafasi* ya 2 ni mamia, *thamani* ya 2 ni 200. Watoto wengi hujibu moja mahali pa jingine na kupoteza alama walizozijua.

Nina watoto wawili. Niliwapa 6,004 kutoa 2,759. Mmoja kapata 4,755, mwingine 3,355. Simu inasema 3,245. Wote wawili wanasema "tulikopa". Nawasaidiaje?
*Baba wa wanafunzi, Chumbageni*

Baba, hayo ni makosa mawili tofauti na yanahitaji dawa mbili.

Aliyepata 4,755 hakukopa kitu, hata kama anasema alikopa. Kila mahali ametoa ndogo kwenye kubwa: 4 na 9 akaandika 5, sifuri na 5 akaandika 5, sifuri na 7 akaandika 7, 6 na 2 akaandika 4. Kwake kutoa ni kutafuta pengo kati ya tarakimu mbili, ya juu iwe ipi isiwe ipi. Mpe vizibo 4 vya soda umwambie akupe 9. Atashangaa, atasema hazitoshi. Hilo "hazitoshi" ndilo analoliruka akishika kalamu, kwa hiyo alitamke kwa sauti kila safu kabla hajaandika.

Aliyepata 3,355 amefika mbali. Jibu lake limezidi kwa 110, na hiyo 110 inaonyesha alipoteleza. Ameikata 6 ikawa 5, akazigeuza sifuri zote mbili kuwa 10, na 4 kuwa 14. Alichosahau ni kwamba kila sifuri iliyopokea kumi ilitoa moja kumpa jirani wa kulia. Kwenye mamia amebakiza mia moja ya ziada, kwenye makumi amebakiza kumi moja ya ziada: 100 na 10.

Sisi tungependa neno "kukopa" lipumzishwe. Mkopo hulipwa, na mtoto makini hujiuliza atalipa lini, wengine hujaribu kweli kurudisha ile moja mwishoni. Kinachofanyika hapa ni kuchenji. Mtu akienda dukani na noti ya elfu akachenjiwa mia mia kumi, hadaiwi kitu na hajapoteza kitu.

Kata karatasi ndogo, uziandike 1,000, 100, 10 na 1. Mtoto awe na karatasi 6 za elfu na 4 za moja, kwa maana ndiyo 6,004. Karatasi nyingine ziwe kwenye boksi la "benki". Anatakiwa kutoa 9 za moja, ana 4. Kumi hana. Mia hana. Basi achukue elfu moja aipeleke benki, apewe mia kumi. Mezani zinabaki elfu 5. Katika zile mia kumi, moja irudi benki ichenjiwe kumi kumi. Mia zinabaki 9. Katika zile kumi kumi, moja irudi benki ichenjiwe moja moja. Makumi yanabaki 9, na za moja sasa ni 14. Kabla hajatoa chochote, azihesabu zote: 5,000 na 900 na 90 na 14. Bado ni 6,004. Hapo ndipo mtoto anapotulia, akiona fedha ni ile ile.

Kwenye daftari aandike hivyo hivyo, juu ya 6 aandike 5, juu ya sifuri ya kwanza 9, juu ya ya pili 9, juu ya 4 aandike 14, ndipo aanze kutoa: 14 toa 9 ni 5, 9 toa 5 ni 4, 9 toa 7 ni 2, 5 toa 2 ni 3. Tunashauri achenji kote kwanza, atoe baadaye. Anayechenji kidogo na kutoa kidogo husahau alipofikia, hasa penye sifuri mbili.

Zipo njia mbili nyingine, na mtoto akizijua ana pa kujihakikishia. Ya kwanza ni ya muuza duka anaporudisha chenji, kuhesabu kwenda mbele: kutoka 2,759 mpaka 2,760 ni 1, mpaka 2,800 ni 40, mpaka 3,000 ni 200, mpaka 6,000 ni 3,000, mpaka 6,004 ni 4. Zijumlishe: 3,245. Ya pili ni kupunguza namba zote mbili kwa kiasi kimoja. Ondoa 5 juu na 5 chini, unapata 5,999 toa 2,754, na hapo hakuna cha kuchenji kabisa. Tofauti haibadiliki, kama vile watu wawili wakirudi nyuma hatua tano tano umbali kati yao unabaki ule ule.

Na kila jibu la kutoa lirudishwe kwa kujumlisha: 3,245 na 2,759 zifike 6,004. Ni nusu dakika tu, na makosa mengi yangekamatwa hapo.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Siku hiyo waliingiza wanne: elfu arobaini na tano na mia tano, laki na ishirini, elfu nane mia saba hamsini, na laki mbili na thelathini. Sandukuni nimehesabu mara tatu, ziko 404,250. Daftari linasema 384,270. Watu wameanza kunitazama vibaya.
*Mweka hazina, Pangani*

Dada, sanduku liko sawa, daftari ndilo lililokosea, na kosa liko kwenye "laki na ishirini". Tukizungumza, kila mtu anajua hiyo ni laki moja na elfu ishirini, 120,000. Lakini anayeandika neno kwa neno anaandika laki moja, kisha ishirini: 100,020. Sauti imeruka "elfu", mkono nao ukairuka. Ya "laki mbili na thelathini" uliiandika vizuri, 230,000, hii moja tu ilikuponyoka.

Mambo mawili yangekuonya mapema. Kwanza, jumla yako inaishia na 70. Sarafu ndogo tunayolipana siku hizi ni ya 50, kwa hiyo jumla ya fedha taslimu haina budi kuishia na 00 au 50. Ikiishia na kingine chochote, acha kila kitu urudi kwenye mistari.

Pili, tazama tofauti yenyewe: 404,250 toa 384,270 ni 19,980. Jumlisha tarakimu zake, 1 na 9 na 9 na 8 na 0, unapata 27, na 27 inagawanyika kwa 9, kwa hiyo hata 19,980 inagawanyika kwa 9. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi inaonyesha kwamba hakuna fedha iliyopotea: ni tarakimu iliyohama nafasi, au mbili zilizobadilishana, kama 45,500 kuandikwa 54,500. Sababu ni kwamba kitu kikihama kutoka makumi kwenda mamoja kinapungua 9, kutoka mamia kwenda mamoja kinapungua 99, kutoka maelfu kwenda mamoja 999, na zote hizo ni za 9. Kwako, 2 ya makumi elfu ilihamia makumi, ndiyo 20,000 toa 20. Tofauti isipogawanyika kwa 9, tafuta mstari uliorukwa au ulioandikwa mara mbili. Si ushahidi wa mahakamani, ni pa kuanzia kutafuta tu.

Kuanzia sasa mtu akikutajia, mrudishie kwa ukamilifu: "Laki moja na elfu ishirini, sivyo?" Hata "elfu ishirini na tano" uirudishie, maana mmoja huwa na 25,000 kichwani na mwingine 20,005. Ukiandika, weka alama ya mkato kila baada ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha zipange mkato chini ya mkato:

 45,500
120,000
  8,750
230,000

Mikato ikinyooka, nafasi zote zimenyooka. Anayepanga kwa kuanzia kushoto, kila namba ianze ukingoni mwa daftari, ataikuta 8 ya elfu nane imekaa chini ya 4 ya elfu arobaini, na hapo hesabu imekwisha haribika kabla haijaanza.

Nafundisha watoto madrasa, Ngamiani. Wanafunzi wangu wa miaka saba na nane wakitoka shuleni huiona tano ya Kiarabu wakaisoma sifuri, na sita wakaisoma saba. Je, kuwafundisha tarakimu za Kiarabu kunawaharibia hesabu za shule?
*Ustadh, Ngamiani*

Ustadh, hakuwaharibii, mradi zisichanganywe katika ubao mmoja bila kuambiwa. Tazama zilipofanana. Tano ya Kiarabu, ٥, ni duara, na macho ya mtoto yanaisoma sifuri ya shule. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, ٠. Sita, ٦, inafanana na 7 ya shule. Mtoto anayeona ٦٥ kwenye ukurasa wa msahafu akasema "sabini" hajakosa akili, amesoma kwa macho ya darasani.

Lililo muhimu ni kwamba nafasi ni zile zile. Ingawa maandishi ya Kiarabu yanatoka kulia, namba zake zinaandikwa kubwa ikiwa kushoto na mamoja yakiwa kulia, sawa na za shule. ١٢٠٥ na 1205 zinasimama kiti kwa kiti. Hata neno letu sifuri limetoka Kiarabu, na tarakimu za aina zote mbili asili yake ni India.

Tungekushauri uwaandikie mistari miwili ukutani, moja juu ya nyingine, 0 mpaka 9 za shule na ٠ mpaka ٩ chini yake, na zile tatu zinazogongana, ٠, ٥ na ٦, uzizungushie rangi. Kila kipindi wasome namba tano kutoka kwenye msahafu kisha waziandike kwa tarakimu za shule. Mtoto anayejua maumbo mawili ya namba moja anaelewa mapema kwamba tarakimu ni alama tu, na thamani inatoka kwenye nafasi.

Shikamoo mwalimu. Nipo Darasa la Nne. Tuliambiwa tukadirie urefu wa Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, katika makumi yaliyo karibu. Niliandika 58100 nikakosa. Halafu rafiki yangu anasema 2,449 katika mamia ya karibu ni 2,500, mimi nimeandika 2,400. Nani kapata?
*Mwanafunzi, Mikanjuni*

Marahaba mwanangu. La pili umepata wewe. La kwanza ulikaribia sana.

Kukadiria kwa karibu ni kuuliza: namba hii iko karibu na kumi kamili ipi, au mia kamili ipi? Chora mstari. Upande mmoja andika 2,400, upande wa pili 2,500, katikati 2,450. Namba 2,449 iko hatua 49 kutoka 2,400, na hatua 51 kutoka 2,500. Iko karibu na 2,400. Rafiki yako alikadiria mara mbili: kwanza kwenye makumi akapata 2,450, halafu akaikadiria hiyo 2,450 akapata 2,500. Ile 2,450 si namba aliyopewa. Ukitafuta mamia, tazama tarakimu moja tu iliyo kulia kwake, ya makumi. Hapa ni 4. Ikiwa 0, 1, 2, 3 au 4, mamia yanabaki yalivyo. Ikiwa 5, 6, 7, 8 au 9, ongeza moja. Zote zilizo kulia ziwe sifuri. Tano yenyewe iko katikati kabisa, mbali sawa na pande zote, ila watu wamekubaliana ipande juu.

Kwenye mlima, tarakimu ya makumi ni 9 na iliyo kulia kwake ni 5, kwa hiyo uliongeza moja, vizuri kabisa. 9 na 1 ni 10. Lakini nafasi moja hukaa tarakimu moja. Makumi kumi ni mia moja, basi ile mia ihame iende kwa wenzake: mamia yalikuwa 8, sasa ni 9, na makumi yanabaki sifuri. Jibu ni 5,900. Ukisoma ulichoandika wewe ni elfu hamsini na nane na mia moja, mlima umekuwa karibu mara kumi. Kila ukimaliza kukadiria, soma jibu kwa sauti kisha ulinganishe na namba uliyopewa. Likiwa mbali, rudi.

Ukitaka kujipima kubeba, chukua Sensa ya 2022. Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Jumlisha kwa wima. Safu saba za kwanza kuanzia mamoja zinafika kumi au zaidi, inabidi ubebe mara saba mfululizo. Ukipata 61,741,120 umepata.

Na ukisikia mmoja anasema tuko milioni 62, mwingine milioni 61.7, wote wako sawa, wamekadiria katika nafasi tofauti. Ila nafasi lazima ichaguliwe kwa akili. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,615,597. Katika mamilioni ya karibu ni 3,000,000, kanuni imefuatwa, lakini tumewaongeza watu 384,403 wasiokuwepo, karibu sawa na watu wote wa Jiji la Tanga, ambao sensa hiyo iliwahesabu 393,429. Kwa mkoa, kadiria katika laki: 2,600,000.

Ninanunua machungwa na mahitaji ya genge. Nilikadiria vitu vinne kichwani nikaona elfu kumi inatosha, nikaaibika mbele ya muuzaji. Bei zilikuwa 3,450, 2,450, 1,450 na 4,450. Na ile kanuni ya tano kwenda juu niliifuata.
*Mama wa genge, Muheza*

Kanuni uliifuata, mama, lakini si kanuni ya sokoni. Katika maelfu ya karibu, zote nne zinashuka: 3,000, 2,000, 1,000 na 4,000, jumla 10,000. Kila moja imeficha 450, na 450 mara nne ni 1,800. Bei halisi ni 11,800. Makadirio huwa mazuri baadhi zikipanda na baadhi zikishuka, ndipo zinafidiana. Bei zikiwa na mkia mmoja, zinaelemea upande mmoja.

Ukiwa na fedha mkononi na unataka kujua kama zinatosha, pandisha zote: 4,000, 3,000, 2,000, 5,000, jumla 14,000. Ukiona hiyo ni kubwa mno kwako, shuka nafasi moja ukadirie katika mamia: 3,500, 2,500, 1,500, 4,500, jumla 12,000, umezidisha 200 tu.

Vivyo hivyo kwenye magunia. Machungwa 1,240, gunia moja likibeba 100, mtoto wa shule atasema mamia ya karibu ni 1,200, magunia 12. Machungwa 40 yatabaki chini ya mwembe. Unahitaji magunia 13. Panapohusu kutosha, tunapandisha, tarakimu ya kulia iwe ipi.

Mimi ni mtu mzima. Kichwani najumlisha kuanzia kushoto, mjukuu wangu anasema mwalimu wake anakataza. Nani ana haki?
*Babu, Pongwe*

Mzee wetu, shikamoo. Kichwani uko sawa kabisa. 478 na 356: mia saba, makumi 7 na 5 ni mia na ishirini, tumefika mia nane na ishirini, 8 na 6 ni kumi na nne, jumla 834. Ndivyo hata lugha yetu inavyotamka, kubwa kwanza. Kwenye karatasi tunaanzia kulia kwa sababu ya kubeba tu: ukianzia kushoto utaandika 7 kisha uifute iwe 8. Mwalimu anakataza kufutafuta, njia yako haina kosa. Ila mjukuu asizoee kubeba 1 kila wakati. Namba zikiwa tatu, kama 687, 498 na 579, mamoja ni 24, anabeba 2, na makumi nayo yanabeba 2. Jibu ni 1,764. Akileta 1,654, amebeba moja moja kwa mazoea.

Mtoto amejumlisha saa 2 dakika 45 na saa 3 dakika 40, kaandika saa 5 dakika 85. Kila safu kajumlisha vizuri. Nimwambie nini?
*Mzazi, Tanga mjini*

Mwambie dakika hazichenjiwi kwa kumi wala kwa mia, zinachenjiwa kwa sitini. Dakika 85 ni saa moja na dakika 25, basi jibu ni saa 6 dakika 25. Kujumlisha hakukosea, alisahau kuuliza kiti hiki kinajaa kwa ngapi. Kosa baya zaidi ni la anayeziandika 245 na 340, akapata 585 na kuisoma kama namba ya kawaida. Saa na dakika aziwekee safu mbili zenye mstari katikati, na juu ya mstari aandike 60.

Katika kutoa ni vivyo hivyo: saa 5 dakika 10 toa saa 2 dakika 35, achenji saa moja apate dakika 60, si 100. Anakuwa na saa 4 dakika 70. Baki ni saa 2 dakika 35.

Vipimo vya nyumbani vitamzoeza. Wakati wa fitra mpe kibaba na pishi. Vibaba 4 ndiyo pishi moja, kwa hiyo pishi 2 vibaba 3, ukiongeza pishi 1 vibaba 2, ni pishi 4 kibaba 1. Mama akiwa na mchele wenyewe, mtoto apime kweli. Hata fedha haikuwa ya mia siku zote: katika pwani hii, wakati wa Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka 1904 walipoigawa kwa heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu hela. Mpe rupia 2 pesa 40, ajumlishe na rupia 1 pesa 50 za wakati ule. Akipata rupia 4 pesa 26, dakika hazitamsumbua tena.